Mota Fupi ya Ziwa Tebbetts

"Harusi ni saa nne asubuhi. Zawadi yako iko gatini."

Simu ikakatwa.

Lorna Vandiver aliisonya ile simu. Bosi wake, Merrick Oldham, alipenda mafumbo. Harusi ni uvamizi. Zawadi ni chombo cha kazi. Na bwana harusi ni Dwight Pruett, mpelelezi mwenzake wa serikali, aliyejifanya mpasua samaki wa majangili kwa miezi mitatu, kwenye boti lenye nyumba juu yake, ndani ya ghuba moja ya Ziwa Tebbetts, Missouri.

Tangu jana Dwight hakuwa ametuma neno.

Majangili wale, laana iwashukie! Walivua samaki wa pua bapa, majike makubwa yaliyoishi miaka thelathini. Wakayapasua yangali hai, wakakomba mayai, mizoga wakaitupa majini ioze. Mayai yakabandikwa lebo za ng'ambo na kuuzwa kama kaviari, chakula cha matajiri. Lorna aliiona mizoga ile mwezi wa pili. Hasira haikumtoka tena.

Sasa tatizo lilikuwa sauti. Ghuba ile imezungukwa na majabali. Injini ya petroli ingesikika kabla hujakata kona.

Wakisikia injini, Dwight ni maiti.

Ndiyo maana akaomba mota ya umeme.

Gatini alimkuta Verlin Stuckey, mzee wa miaka sabini na moja, fundi wa boti, mwenye pontuni ya futi kumi na sita: sakafu ya mbao iliyolala juu ya mapipa mawili marefu ya alumini. Mzee alikwisha kulichana boksi.

"Nani kakutumia balaa hili?"

"Mota mpya hiyo, mzee. Minn Kota."

"Mota haina neno. Tazama shafti, fimbo hii ya kushukia majini! Inchi thelathini na sita. Sakafu ya pontuni iko juu, dada. Ukiifunga hii pale mbele, propela itagusagusa maji tu. Itanyonya hewa, ipige kelele kama mbuzi anayechinjwa. Huyo aliyeagiza hajawahi kuona pontuni?"

Lorna aliipima shafti kwa mkono.

Merrick alikuwa na pontuni mbili. Kila Jumatatu aliichosha ofisi nzima kwa picha zake.

Halikuwa kosa. Merrick alitaka Lorna asikike akija.

"Mshenzi," alisema Lorna. "Mshenzi mkubwa! Kamuuza Dwight, na sasa ananiuza mimi."

"Polepole, mama. Gati langu halijakukosea."

"Mzee, tunaweza kuishusha hii mota?"

Verlin alitema tumbaku majini. "Unamuuliza nani?"

Wakaingia kazini. Ubao wa mwaloni ukaning'inizwa chini ya sakafu, mbele, katikati ya mapipa mawili. Verlin alitoboa kwa drili mpaka kwenye fremu ya chuma.

"Usifunge kwenye mbao peke yake. Ukikata kona, inang'oka na kuzama na hela za serikali."

Mota ikabanwa kwenye ubao. Betri ikawekwa nyuma ili pua ya boti isilemewe. Waya mnene ukapitishwa chini ya kiti.

"Fyuzi karibu na betri! Karibu na betri, mwanamke, unataka kutuchoma?"

Lorna alikaza nati kwa ghadhabu hadi mzee akampokonya spana.

Saa mbili na robo wakajaribu. Propela ilizama vizuri. Mpini ulibaki chini mno, kwa hiyo dereva ilibidi alale kifudifudi na kuning'iniza mkono. Lakini sauti?

Kimya.

Lorna akampigia Merrick.

"Zawadi imefika?"

"Imefika, bosi. Naifunga hivyo hivyo ilivyo."

"Safi sana. Saa nne kamili."

"Saa nne, bosi."

Alikata simu, akatukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Verlin naye akampigia sherifu wa kaunti, mpwa wake, afunge barabara ya juu ya ghuba bila ving'ora.

Saa tatu kamili wakaikata ile kona.

Lorna alilala mbele chini ya turubai, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine kwenye bastola yake ya Glock. Verlin alikaa kwenye kiti cha kukunja, ndoano majini, kikombe cha kahawa mkononi. Jua lilikuwa limepanda.

Boti la nyumba lile pale.

Dwight alikuwa amepigishwa magoti ukingoni, mikono imefungwa nyuma, uso umevimba. Nyuma yake alisimama jamaa mwenye bunduki ya Remington, kidole kwenye kifyatulio.

Jamaa aligeuka, akaiona pontuni mita kumi kutoka kwake. Hakuisikia kabisa.

Verlin akainua kikombe, akapunga mkono.

Kwenye ziwa lile hakuna asiyepunga. Wakigombana wanapunga, wakishtakiana wanapunga. Na yule jamaa alizaliwa palepale.

Mkono ukatoka kwenye kifyatulio. Akapunga.

"Dwight, ruka!"

Dwight alijitupa majini. Lorna aliibuka na turubai begani.

"Iangushe! Iangushe kabla sijasahau kuwa mimi ni serikali!"

Remington ikaanguka. Verlin alimnasa Dwight ukosi, akamvuta kama gunia la mahindi.

"Kaa nyuma, mwanangu, nyuma! Mbele tutazama!"

Mlango wa boti la nyumba ukafunguka. Merrick Oldham akatoka, kikombe mkononi, makopo ya mayai yamepangwa nyuma yake.

"Lorna? Lakini saa nne..."

"Mikono juu."

Juu ya jabali, watu wa sherifu walikwisha kujipanga. Merrick aliwatazama, akaweka kikombe chini.

"Tuzungumze. Miaka tisa tumekuwa pamoja."

"Miaka tisa nilikuita kaka. Kelele."

Walipofika ufukweni, Dwight hakuweza kusimama. Lorna alimvika koti lake, akamtia bega.

"Merrick alikuwa ananionyesha saa yake," Dwight alisema, meno yakigongana. "Tangu asubuhi. Kila mara ananiambia: sikiliza vizuri, mwenzako atakuja na kelele, nawe ndipo utakufa. Ananionyesha mshale."

Lorna akasimama.

Alimketisha Dwight juu ya jiwe, akarudi mpaka alipofungwa Merrick. Akaishika mikono iliyotiwa pingu. Akaifungua ile saa ya Rolex taratibu, akaitupa ziwani bila kutazama ilikoangukia.

"Lorna! Ile ni ya marehemu baba yangu!"

"Huko unakokwenda watakuambia saa."

Akamrudia Dwight, akamwinua, wakapanda mlima polepole.