Nyasi Penye Genge la Mama

Kila siku kabla ya kwenda shule, Tabu alimsaidia mama yake kupanga genge. Lilikuwa genge dogo kwenye kona ya bomba la maji, bondeni, katika mtaa mmoja wa Kimara: meza ya mbao, miti minne, na turubai la kijani lililopauka kwa jua. Mama alipanga nyanya kwa mafungu, Tabu akapanga vitunguu na bamia, kisha akajaza mkaa kwenye makopo. Alifanya upesi upesi, jicho moja kwenye makopo, jingine njiani. Mara tu alipowaona wanafunzi wa kwanza wakiteremka kilima, alinawa mikono, akabeba madaftari yake, akapita nyuma ya nyumba ya jirani ili atokee barabarani kama mtu aliyetoka kwao moja kwa moja. Mama yake alimtazama akienda.

Ukweli ni kwamba Tabu alikuwa akilionea haya genge lile. Mama yake, Bi Zubeda, alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo. Kisha mambo yakabadilika nchini, viwanda vikauzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, na yeye akapunguzwa pamoja nao. Hakukaa kulia. Alitengeneza meza, akaenda sokoni alfajiri, akaanza kuuza. Lakini rafiki kipenzi wa Tabu katika darasa la sita, msichana aitwaye Gladness, binti wa karani wa benki, alipomwuliza kuhusu kazi ya mama yake, Tabu alijibu kwamba yuko kiwandani. Miezi michache nyuma jibu hilo lingekuwa kweli, basi akaona halina ubaya. Uongo ni mgeni mwenye tabia mbaya: ukimkaribisha barazani, kesho anataka chumba cha kulala.

Jirani yao wa juu kilimani alikuwa Mwalimu Benedicta, aliyefundisha shule ile ile aliyosoma Tabu. Mwaka ule wa 1998 alikuwa akiishi na mtoto wa dada yake, kijana aitwaye Gaudens, aliyetoka Bukoba kuja kusomea kompyuta katika chuo kimoja mjini. Gaudens alikuwa amenunua kompyuta kuukuu kwenye ofisi iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake, akaiweka sebuleni. Mwalimu Benedicta aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na watoto wa mtaa wakawa hawana tena hamu ya kucheza kombolela.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na mchezo wa kurusha ndege. Gaudens aliupenda kwa sababu ya ndege zenyewe: mwendo, kimo, namna ya kutua bila kuvunja magurudumu. Tabu na wenzake hayo hayakuwaingia. Wao walitaka ndege ishuke chini wachungulie. Walitaka kuona nyumba za mji wa ugenini zina madirisha mangapi, daraja linakwenda wapi, na kama kuna mtu aliyeanika nguo. Gaudens alipokuwa akihangaika na upepo wa ubavuni, Tabu alimwuliza ng'ombe wale waliosimama karibu na mto ni wa nani. Kijana wa watu akaishia kucheka.

Siku moja wakamwomba awapeleke Dar es Salaam. Gaudens akawapeleka, na lo, Dar es Salaam nzima ilikuwa njia ya kurukia ndege, bahari, na nyasi. Hapakuwa na Kariakoo, hapakuwa na Kimara. Watoto wakanuna. Gaudens akawaambia wasihuzunike, kwa kuwa kuna njia ya kuongeza vitu: unapachika nyumba hapa, barabara pale, unazipaka rangi, na mtu akiruka juu anaziona. Angeuweka mtaa wao wote. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye ni mgeni. Aliondoka asubuhi na mapema kwa njia ya juu inayotokea Barabara ya Morogoro, akarudi jioni kwa njia hiyo hiyo. Bondeni hakukujua. Akamwomba Tabu awe macho yake.

Tabu alivimba kichwa, na nani asingevimba? Alikaa kando ya Gaudens jioni baada ya jioni, umeme usipokatika, akimweleza nyumba ya bati jekundu iko wapi, msikiti unatazama wapi, uwanja wa mpira una goli moja kwa sababu la pili liliozeshwa na mvua. Shuleni alijisifu mpaka Gladness, aliyekaa ng'ambo ya barabara kuu, akaomba aje aone. Akaja. Wakabanana kwenye kiti kimoja, na siku hiyo ndiyo Gaudens alifika bondeni katika ujenzi wake.

Akapachika bomba la maji. Kisha akauliza, "Na hapa pembeni ya bomba pana nini?"

Tabu alifungua kinywa. Alikaribia kabisa kusema. Lakini bega la Gladness lilikuwa limegusana na lake, na Gladness alikuwa akisubiri jibu kama Gaudens alivyosubiri.

"Hapana kitu," Tabu akasema. "Nyasi tu."

Gaudens akapaka kijani, akasonga mbele. Tabu hakumrudisha nyuma. Alijiambia kwamba ni mchezo tu, na kwamba mchezo haumuumizi mtu.

Kazi ilipokamilika, Mwalimu Benedicta aliwaalika majirani Jumamosi alasiri. Sebule ikajaa, wengine wakasimama dirishani. Gaudens alikuwa amejiandaa kueleza namna ndege inavyopata nguvu ya kupaa. Alianza na mabawa, akaingia kwenye injini, mpaka Mzee Mwinjuma, mzee wa msikiti, akamkata kauli kwa upole. "Mjukuu wangu, hayo ya injini tutayasikia siku nyingine. Sie tutafutie msikiti wetu."

Msikiti ulipotokea, watu waliguna kwa furaha. Mzee Mwinjuma alisogeza uso karibu, akasema kuba aliloliweka Gaudens ni kubwa kuliko uwezo wa waumini, lakini aliache hivyo hivyo, pengine ni dua. Mama mmoja akataka bati lake jekundu. Watoto wakadai uwanja. Kila mtu alitafuta chake, na akikipata alikishangilia, ingawa alikuwa amekipita mwenyewe dakika chache kabla akiwa njiani kuja. Binadamu ndivyo tulivyo. Uwanja wa ndege, ambao Gaudens aliupamba kwa taa na mistari yote, hakuna aliyeuulizia.

Tabu alikuwa akimwomba Mungu wateja wamzuie mama yake. Hawakumzuia. Bi Zubeda aliingia wa mwisho, jasho likimtoka kwa kupanda kilima, akasimama mlangoni na kanga yake begani. Gladness alikuwa amekaa mkekani pembeni ya Tabu. Watu walimpisha Bi Zubeda, wakisema mama Tabu asogee mbele.

"Na mie nitafutie genge langu, baba," akamwambia Gaudens. "Liko pale bombani."

Ndege ikageuka, ikashuka bondeni. Bomba likaonekana. Kando ya bomba palikuwa na nyasi safi, za kijani, hata mbuzi angezitamani. Gaudens alizunguka mara ya pili akidhani amepotea. "Genge?" akauliza. "Mbona Tabu aliniambia hapa pana nyasi tu?"

Gladness aligeuka. Hakukusudia ubaya, na alisema kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Kwani mama Tabu si yuko kiwandani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tabu iliishia pale mkekani. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke aingie. Mama yake alimtazama, wala si kwa muda mrefu, kisha akawageukia watu akicheka kidogo.

"Genge lenyewe dogo," akasema. "Ukiwa huko juu utalionea wapi? Endelea, baba, waonyeshe wenzangu." Akaaga kwamba wateja wanamngoja, akatoka.

Wengine huenda walimwamini. Tabu alikijua kicheko cha mama yake, na kile hakikuwa chenyewe. Mama alikuwa amemsitiri mbele za watu, yeye ambaye alimfuta mama mbele za watu. Hilo lilimuuma kuliko fimbo yoyote. Alitoka bila kumwangalia Gladness, akaenda kukaa nyuma ya nyumba yao, akalia mpaka kichwa kikamgonga.

Jioni alingoja agombezwe. Hakugombezwa. Mama alipakua wali kama kawaida, akamwongezea mchuzi kama kawaida, na Tabu akaisogeza sahani pembeni. Asubuhi ya Jumapili walishuka gengeni pamoja. Walipomaliza kupanga, watu wa kanisani walianza kupita, wakubwa na watoto, baadhi yao wa shule moja na Tabu.

"Watu hao wanakuja," mama akasema bila kuinua macho. "Leo hupiti nyuma ya nyumba?"

Kumbe siku zote alijua. Tabu aliishika meza. Machozi yalimtoka, na maneno yakatoka pamoja nayo: alivyomdanganya Gladness tangu mwanzo, alivyojificha kila asubuhi, alivyosema hapana kitu. Alisema alikuwa na haya, na kwamba sasa haya hiyo imemgeukia mwenyewe. Akaomba radhi.

Bi Zubeda alimhudumia kwanza mteja aliyetaka nazi. Kisha akaketi.

"Kujificha nilikuona, nikasema ni utoto, utapita," akasema. "Hata mie siku ya kwanza kukaa hapa nilijifunika kanga mpaka puani, naogopa wenzangu wa kiwandani wataniona. Kwa hiyo haya naijua. Lakini kusema hapa hapana kitu, mwanangu? Madaftari yako yametoka wapi? Yameota kwenye nyasi?"

Tabu akaanza kupanga upya vitunguu vilivyokwisha kupangwa.

"Mie ushaniambia, nimekusamehe," mama akaendelea. "Wapo uliowadanganya. Nenda kawaambie kwa kinywa chako, nisiende mie kukusemea."

Alianza na Gaudens, alasiri ile ile. Gaudens alisikiliza, akakuna kichwa, akasema naye ana kosa lake, kwa kuwa alijenga mtaa mzima bila kuteremka hata siku moja kuuona. Genge angeliweka, lakini alitaka aelezwe sawasawa. Turubai limepauka upande gani? Meza inaelekea wapi? Nyanya zinakaa mbele au nyuma? Tabu akagundua kwamba mengine hayajui, ingawa mikono yake iligusa vitu vile kila alfajiri. Akarudi gengeni kutazama. Safari hii alikaa mpaka jioni, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba mama huwawekea wazee nyanya laini kando, na kwamba mkaa wa juu kwenye kopo huuchagua mmoja mmoja.

Kwa Gladness mambo yalikuwa mazito zaidi. Jumatatu wakati wa mapumziko Tabu alimweleza yote. Gladness hakukasirishwa na genge. Alikasirika kwamba alikuwa amewasimulia wazazi wake habari za mama wa kiwandani, na sasa ataonekana yeye ndiye mwongo. Akahamia dawati jingine. Tabu alikaa peke yake wiki nzima, akajua kwamba hiyo nayo ni sehemu ya deni lake, na hakunung'unika. Ijumaa jioni Gladness alikuja mwenyewe gengeni, akamwamkia Bi Zubeda shikamoo, akaomba bamia alizotumwa na mama yake. Hakuomba radhi wala hakuombwa tena, lakini alikaa kwenye gogo akazungumza mpaka giza lilipokaribia.

Jumamosi Gaudens akawaita tena. Waliokuja walikuwa wachache: Mzee Mwinjuma, watoto, Gladness, na Bi Zubeda aliyeburutwa na binti yake. Ndege ilishuka bondeni taratibu. Bomba likaonekana, na kando yake turubai la kijani lililopauka upande wa mashariki, meza, na vidoa vyekundu vya nyanya vilivyopangwa mbele.

Bi Zubeda aliinama kutazama. "Genge ndilo," akasema. "Na mwenyewe yuko wapi?"

Gaudens akaeleza kwa masikitiko kwamba nyumba na miti anaweza kuweka, lakini watu hawezi.

Tabu akasimama. Alipita mbele ya Mzee Mwinjuma, akapita mbele ya Gladness, akaweka kidole kwenye kioo, nyuma ya vile vidoa vyekundu. "Mama yangu anakaa hapa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Anakuja alfajiri, anaondoka giza likiingia."

Mwalimu Benedicta akawageukia watoto. "Mmeona wenyewe," akasema. "Ukiwa juu angani, nyasi za Dar es Salaam na nyasi za ugenini ni zile zile. Kinachokuambia kwamba hapa ni kwetu ni vitu vidogo, genge, bomba, goli moja la mpira. Mtu anayevifuta kwa kuona haya, mwisho hujikuta hana kwao. Mwacha asili ni mtumwa. Kazi ya halali haina aibu, watoto wangu. Aibu iko kwenye uongo, na dawa yake ni kuusema ukweli pale pale ulipodanganya."

Bi Zubeda alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akamwambia Gaudens kwamba sasa anaweza kuirusha ndege yake aende nayo anakotaka, kwa sababu yeye ameshafika kwake.