Nafasi ya Mtu Mmoja

Siku niliyoanza kupanga safari yetu ilikuwa Jumanne ya kawaida. Babu Orville alikuwa nje, amelala chini ya karavani akipaka grisi kwenye magurudumu. Mimi nilikuwa ndani, mezani, na ramani, rula na penseli. Kinyumba hicho cha magurudumu, chenye urefu wa futi ishirini na saba, ndicho kilikuwa kwetu, na kilikuwa hakijatoka Harrison, Arkansas, kwa miaka minne.

Niliacha shule darasa la tisa ili nimuuguze bibi. Alipofariki sikurudi, na hakuna aliyeniuliza. Kisha mama mdogo Joleen, anayeishi Baker City kule Oregon, akasema tukifika kwake kabla ya Septemba ataniandikisha upya. Babu akasema tutakwenda, na nyumba yetu tutaivuta nyuma ya pikapu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka safari ile.

Babu alikuwa na masharti yake. Tusizidi sana maili mia tatu kwa siku. Ikifika saa tisa alasiri tuwe tumeegesha. Na kila kambi iwe na nafasi ya kuingilia upande mmoja na kutokea upande wa pili, kwa sababu miaka yote akirudisha karavani nyuma alikuwa akifuata mikono ya bibi kwenye kioo.

"Ukipanga vibaya, bibie," aliniambia, "utaisukuma wewe mpaka Oregon."

Nilipata vituo vitano: Wichita, Colby, Cheyenne, Rock Springs na Burley. Siku ya sita tungelala kwa Joleen. Babu alipokwenda mjini kutafuta matairi, nikaanza kupiga simu kambini kuomba nafasi.

Wichita alipokea mzee mmoja mchangamfu. Nilipomtajia tarehe akacheka. Alisema nimeshapiga jana, watu wawili, karavani ya futi ishirini na saba, nafasi ya kupita moja kwa moja. Nikamwambia labda alikuwa mama yangu mdogo. Akasema hapana, sauti ni hii hii, hata kikohozi ni hiki.

Colby waliniambia vilevile. Nikampigia Joleen, naye akaapa kuwa hajampigia mtu. Cheyenne walikuwa na jina langu, Darcy Stamper, na namba ya pikapu yetu. Rock Springs kijana wa mapokezi aliniuliza, kwa upole, kama sasa nimepata usingizi.

Burley alipokea mwanamke. Nilimtajia jina tu. Akasema kwa sauti ya chini, "Umeacha kulia, mwanangu?"

Nikamuuliza niliomba nafasi gani.

"Mtu mmoja," akasema. "Huna gari. Ulisema utakuja kwa miguu."

Nilikata. Karavani yetu ina springi laini. Mtu akikanyaga ngazi ya mlangoni, aliye ndani huihisi ikiinama. Iliinama. Nikangoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Nilichungulia dirishani, na nje hapakuwa na mtu.

Kesho yake nilibadilisha njia. Badala ya Burley nikachagua Pocatello, kambi niliyoigusa kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Walikuwa na jina langu. Mtu mmoja. Hana gari.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Tungeondoka wawili, na mahali fulani baada ya Rock Springs ningebaki peke yangu. Nikimwambia Babu, angecheka na kwenda hivyohivyo, ndivyo alivyo. Kwa hiyo nilimwambia sitaki tena shule. Nilimwambia shule ni ya watoto.

Alikuwa ameshafunga matairi mapya. Alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, akiizunguka pete yake ya ndoa yenye mkwaruzo wa msumeno.

"Haya," akasema. "Mimi nilikuwa nakwenda kwa ajili yako tu."

Alimpigia Joleen mwenyewe na kumwambia hatuji. Mimi nilichana karatasi ya mpango wangu, nikalia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili asisikie.

Tarehe ya kuondoka ikafika, tukabaki. Siku moja. Siku mbili. Nilimchunga Babu akila, akikata nyasi, akisinzia kitini. Siku ya sita, saa kumi alasiri, nilikuwa namenya viazi. Yeye alikuwa mbele yangu na gazeti. Alikuwa mzima. Nikaanza kuamini nimeshinda.

Simu ikalia. Babu hasikii vizuri, kwa hiyo huiweka mezani na kuiacha ipaze sauti. Alikuwa Joleen, na alikuwa amekasirika.

Alisema tulipaswa kumwambia kwamba tumebadili mawazo na tunakuja. Alisema Darcy amefika sasa hivi, kwa miguu, viatu vimekwisha, hataki kusema lolote. Akamuuliza Babu yeye na gari wako wapi.

Babu akanitazama. Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Joleen," akasema. "Darcy yuko hapa. Ninamtazama."

Kisha Joleen akanong'ona, "Baba. Na mimi ninamtazama."

Walizungumza mara nyingi baada ya hapo. Joleen ameamua kwamba Babu amechanganyikiwa kwa uzee. Mimi nikiongea, anakata simu. Mwezi wa tisa yule aliye kwake aliandikishwa darasa la tisa, kwa jina langu na cheti changu cha kuzaliwa.

Babu hanifukuzi. Ananiachia chakula jikoni. Lakini hufunga mlango wa chumba chake kwa ndani, na hajaniita bibie tena. Wakati mwingine huniuliza mambo ya zamani, jina la mbwa tuliyekuwa naye, rangi ya gauni la bibi. Ninajibu sawasawa, naye haitikii hata kwa kichwa.

Wiki iliyopita ilikuja barua kutoka Baker City. Ndani mna picha ya shule. Ni mimi, nimechana nywele vizuri, nimevaa koti nisilolijua. Shingoni nimefunga uzi, na kwenye uzi kuna pete ya ndoa ya Babu, ile yenye mkwaruzo wa msumeno.

Babu aliitazama muda mrefu. Kisha akageuza mkono wake wa kushoto kwenye mwanga. Pete ilikuwa kidoleni, na mkwaruzo wake uleule. Alijaribu kuivua, haikutoka.