Nyonga ya Basili

"Inua makalio, usiinue mgongo," Kornelia alisema.

Basili alikuwa amelala chali juu ya mkeka, magoti juu, nyayo chini. Akainua, akakaza, akahesabu hadi nne, akashuka.

"Tulisema kumi."

"Nimechoka."

Ilikuwa mwaka 2009, kijijini Tumati. Miezi mitano nyuma lori la vitunguu saumu lilipinduka, Basili akiwa juu ya mzigo, nyonga ikavunjika. Hospitali walimwekea chuma. Mtaalamu wa viungo akamwambia mkewe, Kornelia, kwamba misuli ya makalio na mapaja imelala. Isipoamshwa kila siku, mgonjwa hataacha magongo. Tangu hapo Kornelia alilima, akakamua ng'ombe, kisha akahesabu mazoezi.

Siku hiyo pikipiki ilisimama uani. Akashuka Agustino, kaka yake Kornelia, kutoka Nambis.

"Shikamoo kaka. Mbona ghafla?"

"Marahaba. Fungasha, nimekuja kukuchukua."

"Nani kakuambia?"

Agustino akampa simu. Kornelia akasoma kwa sauti:

"Shemeji njoo umchukue dada yako. Bado ni kijana. Mimi sitasimama tena. Usimwambie nimekuandikia."

Basili aliangalia ukuta.

"Nilikusikia unalia jikoni," alisema.

"Nililia kwa sababu nimechoka. Ungeniambia pole. Wewe unanirudisha kwetu kama debe la kuazima."

"Sikutaka uzeeke unanihesabia."

"Hilo ningeamua mimi."

Akafunga nguo zake kwenye kanga. Basili hakumzuia. Mlangoni akageuka.

"Nakwenda kupumzika. Mama yako atakuletea chakula. Kama nitarudi, sijui. Mazoezi fanya mwenyewe."

Huko Nambis, siku mbili simu ya Kornelia ilikaa kimya. Siku ya tatu ujumbe ukaingia: "Kumi."

Kornelia akajibu: "Umeinua mgongo?"

"Makalio. Nimekaza mpaka nimetetemeka."

Siku ya nne: "Nimekaa kwenye kigoda na kuinuka mara nane. Bila kushika kitu."

Siku ya sita hakuandika habari za mazoezi.

"Nilikosa. Niliogopa utaniacha, nikakufukuza mapema. Nakuomba urudi. Hata nisipoacha magongo, nakuomba."

Kornelia aliusoma mara tatu, akampa kaka yake.

"Unasemaje?" Agustino akauliza.

"Safari hii ameniambia mwenyewe. Kesho nipeleke."

Walimkuta Basili mlangoni, gongo moja tu mkononi, akichechemea.

"Karibuni. Kuna chai."

"Amepika nani?"

"Mimi. Nimesimama mpaka imechemka."

Kornelia akaonja.

"Haina sukari."

"Kopo liko juu ya kabati. Huko sijafika."

Kornelia akacheka, mara ya kwanza tangu ajali ile. Kisha akapanda kigoda, akalishusha kopo, akaliweka mezani, pale mkono wa mumewe unapofika.