Kurasa Mbili za Bi Mkasi

Duka la uchapaji lilifurika asubuhi ile: wenye kadi za harusi, walimu wenye mitihani, na mchora katuni mmoja aliyeikumbatia bahasha yake kama mtoto mgonjwa. Binti wa dukani, gauni la kijani, mkasi ukining'inia shingoni kwa utepe, alihesabu kurasa zake akatikisa kichwa.

"Thelathini. Kitabu cha kubana pini huenda kwa nne nne, kaka yangu. Zitabaki mbili tupu."

"Nizijaze nini?"

"Mimi nauza uchapaji, siuzi akili."

Watu wakacheka. Kijana akajibanza pembeni, akamchora binti yule yule: Bi Mkasi, mwanamke anayekata maneno ya waongo kabla hayajafika sikioni. Binti alipoziona kurasa hizo alicheka hadi akaegemea mashine.

Ndivyo walivyoanza. Binti alimfundisha kuchapa vitabu vichache, viishe, ndipo arudie. Alimwambia asimame mbele ya meza yake kwenye maonyesho ya vitabu, kwani hakuna anayenunua kwa mtu aliyeinamisha kichwa. Jioni walipigiana simu, binti akianza kuuliza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula wino."

"Basi kesho utatapika kitabu."

Na kila mara binti alimkumbusha jambo moja: "Uza vitabu, usiuze mhusika. Kitabu ni yai, mhusika ndiye kuku."

Bi Mkasi akawa na kurasa mbili za mwisho katika kila toleo. Wasomaji wakazoea kuanzia nyuma.

Siku moja shangazi wa binti, mwenye duka, alimuuliza kijana kwa upole atamweka wapi binti huyo akimwoa, kwenye karatasi? Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kampuni moja ya magazeti ilipomtaka Bi Mkasi, kijana alitia saini ya kumuuza bila kumwambia mtu. Akapanga nyumba ya vyumba viwili, akapaka kuta rangi ya kijani. Binti alipouliza kwenye simu fedha zimetoka wapi, alimjibu kwamba zawadi haiulizwi.

Jibu binti aliletewa na mteja. Mteja aliweka gazeti juu ya kaunta, akamtazama binti, akacheka. Bi Mkasi alikuwa amechorwa na mkono mwingine: gauni limepanda mapajani, mkasi umezama kati ya matiti, amepiga magoti akimbembeleza mwanamume amfungulie mlango.

"Si wewe huyu, dada?"

Binti alikwenda na gazeti hadi kwenye nyumba ya kijani. Rangi ilikuwa bado inanuka.

"Waambie waache."

"Siwezi. Nilitia saini. Si wangu tena."

"Hakuwa wako hata umuuze. Huyo ni mimi."

"Nilitaka tuwe na pa kuanzia. Shangazi yako aliuliza..."

"Shangazi aliuliza utaniweka wapi. Hakusema uniuze."

Kijana alikwenda kuwasihi wale wa kampuni. Walimkaribisha vizuri, wakampa chai, wakamwonyesha saini yake. Akairudisha nyumba kwa mwenyewe. Simu zake kwa binti zililia bila kupokelewa, na mwishowe akaacha kupiga.

Mvua zilikuja zikaisha, ndipo aliporudi dukani na bahasha mpya. Binti alikuwa amevaa shati lililofungwa hadi kooni. Mkasi ulikuwa ndani ya droo.

"Thelathini," alisema baada ya kuhesabu.

"Najua." Kijana alitazama kaunta. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Lakini kila anayeingia humu hunitazama shingoni kwanza, autafute mkasi. Msamaha hauondoi hilo."

Alizipanga kurasa zikae sawa pembe kwa pembe.

"Na mbili za mwisho?"

"Ziache tupu," kijana alisema.

Binti alizichapa hivyo. Alibana kila kitabu kwa mkono wake, akakata kingo, akamfungia vitabu kwa kamba, na wakaagana kama mteja na mchapaji.

Kwenye maonyesho kijana alisimama mbele ya meza yake, kichwa juu, kama alivyofundishwa. Wasomaji walifungua kitabu kutoka nyuma, wakakuta weupe. Walimtazama, wakakigeuza, wakaanza mwanzo.