Pua ya Yakoub

"Shikamoo yako nimeipokea. Hii je?" Bibi Kijakazi akasukuma simu mpaka ikamgusa Yakoub goti. "Bilauri ya mvinyo imekumeza mpaka puani!"

Picha ile ilishazunguka mtaa mzima wa Mabawa. Nyuma ya pazia, mjukuu wake Tausi alitega sikio. Miaka mitatu alimngoja huyu mwanamume aliyekwenda Ureno. Kila Ijumaa Yakoub alimpigia simu, akamhadithia vilima vya mizabibu vilivyopangwa ngazi ngazi kando ya mto, mpaka Tausi akawa anavitembea usingizini, pekupeku. Leo barua yake ya posa imekaliwa na bibi, haijafunguliwa.

"Nilikuwa nanusa, bibi. Kule Porto kuna mapipa makubwa kuliko nyumba hii. Wenzangu walionja wakatema. Mimi nilinusa tu, nikasema lipi limechacha."

"Na kazi hiyo ni halali?"

"Si halali. Ndiyo maana nimeiacha, nikatubu, nikarudi."

"Mlevi hana pua," bibi akasema. "Babu yake Tausi, Mungu amrehemu, akishapiga tembo la mnazi hakutofautisha papa mkavu na asumini. Sasa sikiliza. Naleta vyetezo saba vya udi. Ukiujua udi aliouchanganya Tausi mwenyewe, nafungua barua. Ukishindwa, ondoka nayo."

Simu ya Yakoub ikalia. Tausi alikuwa ameandika: "Wangu una karafuu na zafarani. Usiniaibishe."

Yakoub akaigeuza kifudifudi bila kuisoma. Bibi akamfunga kanga machoni.

Moshi ukajaa sebule. Wanaosema kweli wanasema mijusi ililala ukutani na saa ikasahau kugonga. Tausi akaviona tena vile vilima, safari hii vimeota karafuu. Yakoub akapita chetezo kimoja kimoja, taratibu, kama anasikiliza siri.

"Wa Tausi haumo humu."

"Umeshindwa!"

"Sijashindwa, bibi. Upo nyuma ya mtungi wa maji, umefunikwa sahani."

Tausi akatoka mbio, akainua sahani. Uzi wa moshi ukapanda.

"Bibi! Umeuficha wewe?"

"Nilikuwa nampima," bibi akanong'ona.

"Na hiki cha tatu ni chako, bibi," Yakoub akaendelea, macho bado yamefungwa. "Udi wake una mawaridi, una sandali, na ugoro."

Bibi akashtuka, mkono ukakimbilia fundo la kanga yake. Aliporudi Umra aliuapia ukoo mzima kwamba ugoro ameuacha.

"Ugoro, bibi?" Tausi akauliza.

"Chembe mbili tu! Za mafua!"

Tausi akacheka mpaka akakaa chini. Bibi akaitoa barua, akaichana bahasha kwa kucha.

"Mchukue, mwanangu. Ila nyumba yenu mkajenge Pangani huko, pua yako ikae mbali na ugoro wangu."

Yakoub akavua kanga machoni, akaigeuza simu yake, akasoma, akaandika. Simu ya Tausi ikatetemeka mkononi:

"Karafuu sawa. Zafarani umeizidisha, mke wangu."