Mwizi Aliyewasha Indiketa

Pikipiki haikuwepo. Kwenye gereji ya marehemu Wendell Ostrander palibaki stendi tupu, doa la oili sakafuni, na ile harufu tamu ya petroli iliyochanganywa oili ambayo haitoki kwenye nguo hata ufue vipi.

Inspekta Marva Tolman wa ofisi ya sherifu alisimama mlangoni, mikono mfukoni, asiguse kitu. Nyuma yake Grant, mtoto pekee wa marehemu, alikuwa akienda na kurudi kwenye kokoto na viatu vyake vya ofisini.

"Mlango umevunjwa?"

"Hapana. Umefunguliwa vizuri, ukafungwa vizuri."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi. Mama. Na Ander."

Jina la mwisho alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau.

Hapa Galena Bend hakuna asiyeijua pikipiki ile. Ilikuwa ya silinda moja, injini ya cc mia tano, ya mipigo miwili, iliyoundwa kwa mashindano ya jangwani na si kwa kitu kingine. Mashine ya namna hiyo haina adabu. Ukiipiga kiki vibaya inakurudishia teke la kukuvunja mguu. Ukiifungulia mafuta ghafla, gurudumu la mbele linatazama mbinguni. Ilitoka kiwandani bila taa, bila honi, bila kioo, kwa sababu nani angeitaka barabarani?

Wendell aliitaka. Majira yote ya baridi, akikohoa, aliifanyia kazi na fundi Ander Yribar mpaka ikapata taa, honi, vioo, taa ya breki, indiketa na matairi ya lami. Sheria ya jimbo letu la Idaho haikatazi ukitimiza masharti. Kibao cha namba kilifika kwa posta siku ya Jumanne, na Wendell alikuwa ameshazikwa wiki tatu. Kibao cha bati tu, lakini wengi wetu kilitutoa machozi.

"Nimeshaiuza," Grant alisema. "Mnunuzi anakuja leo mchana na trela. Anakusanya za zamani. Atang'oa hizo taa, airudishe kama ilivyotoka kiwandani."

"Mama yako anasemaje?"

"Mama hana neno. Yuko kwa shangazi Ione tangu jana, apumzike kidogo. Sijampigia. Amekwisha pata ya kumtosha."

"Na Ander?"

"Ander alinitolea macho. Alisema hiyo si yangu kuuza. Inspekta, unajua historia yake."

Marva aliijua. Ander aliwahi kufungwa kwa kununua vipuri vya wizi, na sasa alikuwa anatumikia kifungo cha nje. Kosa moja tu, angerudi ndani kumalizia miaka yake. Sherifu alikuwa ameshatoa amri akamatwe, na afisa wa uangalizi alikuwa njiani kutoka mjini kuja kumchukua.

"Usiende mbali," Marva alimwambia Grant, akainama chini ya meza ya fundi.

Alikaa huko muda mrefu kuliko Grant alivyoona inafaa. Alipoinuka alikuwa na vipande vya sponji ya njano kwenye mfuko wa ushahidi, na juu ya meza aliokota vyuma viwili vifupi, vile vinavyowekwa chini ya usukani kuuinua. Vilikuwa vimefunguliwa na kuachwa.

* * *

Jirani wa bondeni, Mzee Haskell Pruitt, alikuwa akimngoja kwenye ua na mbwa wake. Mzee Haskell huamka kabla ya jogoo ili asipitwe na kitu.

"Nilimwona," alisema. "Kwa macho yangu haya."

"Uso?"

"Helmeti. Lakini sikiliza kwanza. Ilishuka huu mteremko kimya, injini imezimwa. Chini pale, kraa, gurudumu la nyuma likaburuza, ikawaka. Mwizi nikamwelewa hapo. Hataki kelele karibu na nyumba."

"Kisha?"

"Kisha hakwenda. Alikaa pale anaipasha moto. Mimi nimevaa viatu, nimemfunga mbwa kamba, bado anaipasha. Mwizi gani huyo?"

Injini ya mipigo miwili ikilazimishwa kabla haijapata joto huweza kunoki, pistoni ikakwama, na mwenye kujua hilo na kulijali ana mapenzi na injini.

"Endelea, Mzee."

"Akafika njia panda. Barabara tupu, hata sungura hayupo. Akasimama kwenye kibao cha kusimama. Mguu chini kabisa. Akatazama huku, akatazama kule, akawasha indiketa ya kushoto, akaenda." Mzee Haskell alitikisa kichwa. "Mimi mwenyewe pale sijasimama tangu mke wangu aache kupanda gari langu."

"Alikuwa mtu mkubwa?"

"Mkubwa wapi. Kama kifaranga juu ya ng'ombe."

* * *

Ander Yribar alikuwa amekaa kwenye chumba cha mahojiano, mikono mezani, kucha nyeusi za kazi. Marva alimwekea kahawa, naye hakuigusa.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nyumbani. Nimelala."

"Na nani?"

"Paka."

"Atatoa ushahidi?"

"Hapendi polisi."

"Ander, afisa wako yuko njiani. Akifika sijapata jibu, anaondoka na wewe leo hii."

"Najua."

"Umeiba ile pikipiki?"

"Hapana."

"Unamjua aliyeichukua?"

Ander alitazama kahawa yake ikipoa. Marva akaweka mezani ile sponji iliyokatwa kwenye kiti na vile vyuma viwili vya usukani.

"Wendell alikuwa akiinama kupita mlango wa kanisa," alisema. "Mrefu namna ile hapunguzi kiti, wala hashushi usukani. Mliipunguza kwa ajili ya nani?"

"Nimeahidi, Inspekta."

"Hata kama utarudi ndani?"

"Siku niliyotoka jela hakuna aliyenipa hata fagio nishike. Nyumba ile ilinipa ufunguo." Alizitazama kucha zake. "Kwa hiyo ndiyo. Hata kama."

Marva alimpenda mtu yule pale pale, na hilo si jambo zuri kwa mpelelezi. Alitoka nje akapiga simu kwa Ione, kumwulizia mama yake Grant. Jibu lilikuwa fupi: Nadine? Hajamwona tangu mazishi, kwani kuna nini?

Aliporudi, hakuketi.

"Basi sitakuuliza jina. Nikuulize ya ufundi. Mtu akiendesha mashine ile kwa adabu, kwa mwendo ulioandikwa barabarani, atafika wapi?"

Ander aliinua kichwa. "Mbali hafiki. Ile inataka kukimbizwa. Ukiibembeleza, oili haiungui yote, plagi inalowa, injini inazima."

"Akibadilisha plagi?"

"Inawaka. Ndiyo maana kila mtu hubeba ya akiba, haendi hata dukani bila..." Rangi ilimtoka usoni. "Koti. Jana aliniachia koti nitengeneze zipu. Plagi na spana viko mfukoni mwa koti. Amekwenda na koti jingine."

"Kwenda wapi, Ander?"

Alipigana na ile ahadi mbele ya macho ya Marva, na mtu angeweza kuona ikimtoka kama mwiba.

"Barabara ya mlimani, ya Tamarak. Kule juu bado kuna theluji, na nyonga yake ni mbovu. Nenda, dada. Tafadhali nenda."

* * *

Marva alimpakia Grant garini na kumtupia mapajani lile koti, alilopitia kulichukua kwa Ander. Lilikuwa la ngozi ya buluu, la zamani, limechanika kiwiko, na mgongoni lina namba kubwa nyeupe ya mashindano. Lilikuwa dogo.

"La nani hili?"

"Tunakwenda kumwuliza mwenyewe."

Grant alilishika njia nzima. Alikuwa mtoto mzuri, tuseme ukweli. Kila Jumapili alipiga simu, na baba alipougua alilipia muuguzi bila kuombwa. Ila alikuwa mtu wa kupanga mambo, na watu wa namna hiyo huwa wanapanga na ya wenzao.

Karibu na kilele waliiona. Ilikuwa imesimama pembeni, imeegeshwa nje kabisa ya mstari, kibao cha namba kikiwaka jua. Kando yake, juu ya ukingo wa barabara, alikaa mwanamke mfupi mwenye mvi, helmeti mapajani, anasugua mikono.

"Mama," Grant alisema.

Nadine Ostrander alimtazama miguuni. "Umekuja na viatu hivyo kwenye theluji?"

"Bi Nadine," Marva alisema, "Ander yuko mahabusu tangu asubuhi."

Yule mama alisimama ghafla, nyonga ikamkumbusha, akashika kiti cha pikipiki.

"Kwa ajili yangu? Hakusema?"

"Hakusema jina lako hata mara moja."

"Mfungulie. Ukishamfungulia nitakwambia lolote unalotaka."

Marva alichukua redio ya gari. Upande wa pili askari wa zamu alisema afisa wa uangalizi ameshafika, pingu ziko mkononi.

"Mwambie azirudishe mfukoni," Marva alisema. "Hakuna wizi. Pikipiki ninayo hapa na mwenyewe ninaye. Mpe Ander kahawa ya moto, ile ya mwanzo imepoa."

Alingoja mpaka askari akasema ametoka chumbani, amesimama huru ukumbini. Nadine alisikia yote. Alijifuta macho kwa mgongo wa glovu na kukaa tena.

"Nimeichukua mimi," alisema. "Niliishusha mteremko kwa sababu kiki siiwezi tena. Kwa Ione sikwenda, nililala garini nyuma ya kanisa; nilitaka niwe nimeirudisha kabla Grant hajaamka. Nikaenda polepole, si nina kibao cha namba sasa, nikasema niheshimu sheria. Hiyo heshima ndiyo iliyonizimishia injini."

"Mama, pikipiki ya baba? Kwa umri wako?"

"Ya baba?" Nadine alicheka kidogo, bila ubaya. "Wendell alikuwa anaogopa baiskeli. Niliinunua mimi, mwanangu, kule Nevada, kabla hatujahamia huku. Nilikuwa nashindana jangwani, na baba yako alikuwa mtu wa kunisubiri kwenye kituo cha mafuta cha mashindano na dumu la petroli. Ndivyo tulivyojuana. Kila nikipita alikuwa ananijazia tangi na kunipa chungwa lililomenywa."

"Lakini ile picha ya sebuleni. Mtu wa helmeti anayeruka tuta."

"Nani huyo unafikiri? Ulipokuwa darasa la kwanza ulimwambia mwalimu ni baba. Ulikuwa unajivuna sana. Baba yako akaona haya kukusahihisha, mimi nikacheka, tukaliacha likae. Limekaa miaka yote hii."

Grant alitazama koti mikononi mwake, lile dogo.

"Nilipokubeba tumboni niliacha mashindano," Nadine aliendelea. "Sijajuta, usinielewe vibaya. Halafu miaka ikaenda, kisha nyonga. Daktari akasema mawe na matuta basi. Wendell alikaa siku nzima hasemi, jioni akaniambia, kama mawe huyawezi nitakuletea lami. Akapunguza kiti kwa kisu cha jikoni. Mapafu yale, Grant. Alikuwa anafunga boliti moja anapumzika, anafunga nyingine."

"Kwa nini hukuniambia? Nimeiuza mbele yako."

"Ulikuja siku ya mazishi ukaniambia, Mama, usihangaike, hilo nimelimaliza. Ulikuwa na uso wa mtoto aliyeosha vyombo bila kutumwa. Ningekunyang'anyaje? Nikasema nitaipanda mara moja, basi, nikuachie uuze."

"Ungeweza kuipanda mchana," Marva alisema taratibu. "Watu wangekupigia makofi."

"Ndicho nilichokikimbia, binti yangu. Tangu Wendell azikwe, kila anayeniona ananipa pole. Dukani pole. Kanisani pole. Friji imejaa viazi vya jibini, vile majirani wanavyoleta msibani, na kila bakuli limekuja na pole yake. Najua wananipenda. Lakini nilichoka kuwa mjane, hata kwa nusu saa. Nilitaka kuwa mahali ambapo mimi ni mtu anayebadilisha gia tu, na Wendell yuko mbele kidogo, ananisubiri na dumu lake."

Upepo ulipita barabarani. Grant alifungua mdomo, na Marva aliliona neno lile likija, neno lile lile, la kawaida, ambalo mtoto yeyote angemwambia mama yake. Grant naye aliliona. Alilimeza.

Simu yake ikaanza kuita. Alikuwa mnunuzi. Grant aliitazama, akaizima, akaiweka mfukoni.

"Inakwendaje, Mama?" aliuliza. "Ukiwa juu yake. Inakuwaje?"

Nadine alimtazama kwanza, kama anayehakikisha kwamba ameulizwa kweli. Kisha mikono yake ikainuka na kushika usukani hewani.

"Ukitoka kona ya mtoni," alisema, "uko gia ya tatu. Hapo inakuwa imenyamaza, unadhani imelala. Usiiamini. Unafungua mafuta kidogo tu, hivi, na inakuja yote kwa mpigo, mpaka mabega..."

Grant alikaa kwenye theluji na suruali yake ya ofisini, miguuni kwa mama yake, akasikiliza.