Vidole vya Mzee Opoku

Rafiki yangu Amponsah, mpiga picha wa Kumasi, alikuwa na moyo mgumu kama wa Farao. Aliitwa kumpiga picha marehemu mwalimu wake, Mzee Opoku, aliyeketishwa kitini huku ngumi zake zimefumbwa, naye akatumia lenzi kuukuu ya mzee huyo, ambayo pete yake ya kupunguza na kuongeza mwanga huzungushwa kwa mkono.

"Pima mwanga mwenyewe, mwanangu," mjane alimsihi. "Mzee aliwaonyesha ninyi wanafunzi wake namba ya pete ya lenzi kwa vidole. Nami sina picha yake hata moja."

"Mama, hayo ya vidole ni ushamba. Kamera inapima yenyewe!"

Picha zote zikatoka giza tupu, na jeneza linasubiri. Mungu amrehemu rafiki yangu mpumbavu! Ndipo pete ya lenzi ikajizungusha mkononi mwake: ka, ka, ka. Ikasimama kwenye nne. Akapiga tena, picha ikatoka safi. Ngumi moja ya marehemu ilikuwa imefunguka, vidole vinne vimenyooka.